Kikapu Hakirudi Kitupu

Biashara ya vikapu ilinigharimu mbuzi jike mmoja, jozi ya viatu vya raba, na mchumba mmoja wa Bugarama mwenye redio. Nimehesabu mara mbili, kama ilivyo tabia yangu, na kila nikifika kwa mchumba nakwama: sijui nimweke upande wa hasara au upande wa faida. Marehemu mume wangu, ambaye siku tulipooana hakuwa na redio wala saa, aliniomba kwa miaka mingi nimweke huyo mchumba upande wa faida. Nikamwambia hesabu haifungwi kwa kumpendeza mtu.

Mambo haya yalinirudia mwezi uliopita kwenye harusi moja Biharamulo mjini, walipotukalisha meza moja mimi na Daforoza. Tulikuwa hatujaonana miaka mingi. Yeye amenenepa, mimi nimekauka, na kila mmoja alimpongeza mwenzake kwa adabu. Ukafika wakati wa zawadi. Mshereheshaji akapaza sauti kwenye spika kana kwamba bibi harusi yuko Rwanda, na wageni wakaanza kupita wakicheza, wamebeba vikapu vilivyofungwa kwa nailoni inayong'aa na utepe mwekundu. Ndani unaona kila kitu: juisi ya boksi, biskuti, sabuni ya kunukia, glasi sita. Daforoza alivitazama kwa muda mrefu. Mtu aliyeshona vikapu maisha yake yote hatazami kikapu, anakikagua. Halafu akaniinamia. "Skola, hicho kitarudi na nini?" Nikamwambia hakirudi, wakishatoa vitu kinatupwa. "Kinatupwa!" Alicheka mpaka soda ikampitia puani, na shemeji wa bwana harusi akaja kumpigapiga mgongoni. Alipopata pumzi akasema, "Basi mama we, sisi tuliteseka bure. Laiti wakati ule wangekuwa wanavitupa!"

Wakati ule ulikuwa mwaka wa vita. Nilikuwa naishi Nyamiaga kwa shangazi yangu. Kwa nini niliishi kwake na si kwa wazazi ni habari nyingine, na haina faida hapa. Tulikuwa tumehamishwa kutoka mashambani na kupangwa kijijini kwa mistari, nyumba ikitazamana na nyumba kama watoto wanaongoja kukaguliwa kucha. Wazee walinung'unika kwamba migomba imebaki mbali. Mimi niliona jambo jingine. Zamani jirani akijifungua, habari ilikufikia mtoto akiwa ameshaanza kukaa, nawe ukasema pole sikusikia, na hakuna aliyekulaumu. Sasa ulimsikia mtoto akilia ukiwa kitandani kwako. Huwezi kusema hukujua. Ni lazima uende kumwona mzazi, na huendi mikono mitupu. Unakwenda na kikapu kichwani, kile chetu kirefu chenye mfuniko uliochongoka, na ndani yake unga wa mtama au maharage, na kama wewe ni mtu wa maana, kipande cha sabuni. Mwenyeji hakifungui mbele yako. Anakipeleka ndani, anamimina vilivyomo, na baada ya siku chache anakirudisha kwako kikiwa na kitu, hata kama ni viazi viwili. Hakirudi kitupu. Kukirudisha kitupu ni kumwambia mwenzako: nyumba yangu imekauka, na yako ikauke.

Sasa, watu wale wote wenye majirani wengi hivyo hawakuwa na vikapu. Vilipotea kwenye kuhama, vingine vilibebeshwa kuku vikapasuka. Kikapu kizuri kilichukua mwezi kushonwa. Nilimjua mtu mmoja tu aliyeweza kushona kwa haraka bila kuharibu, naye ni Daforoza, nyumba ya nne kutoka kwetu. Familia yake ilivuka kutoka Burundi miaka michache nyuma, na yeye alipenda kusema kwamba alivuka na utajiri wake wote mkononi: sindano aliyoitengeneza kwa spoku ya baiskeli. Hesabu yangu ilikuwa hivi. Daforoza anashona, mimi najaza. Mteja anakuja, analipia vilivyomo, anaazima kikapu. Kikifanya kazi yake kinarudi kwangu, nakijaza tena. Kile alichorudishiwa ndani yake ni chake. Kikapu kimoja, harusi kumi. Nilihitaji tu mtaji wa unga, maharage, na sabuni, na mtaji huo ulikuwa umefungwa kwenye nguzo ya jiko la shangazi, unatafuna maganda ya ndizi.

Nilimkuta shangazi jikoni anatwanga kisamvu. Lile jiko nalikumbuka kuliko chumba chochote nilicholala baadaye: moshi uliopaka dari weusi wa kung'aa, mafiga matatu, na harufu ya maharage ambayo hayakuwahi kutoka motoni. Nikakaa kwenye kigoda, nikamsaidia kuchambua majani, nikangoja mpaka mchi utulie.

"Shangazi, nipe yule mbuzi."

"Nikupe? Kwa malipo gani, kwa mate?"

"Nikopeshe, basi. Nitamrudisha."

"Mbuzi si chumvi, Skola. Hakopeshwi kwa kiganja." Akatwanga kidogo, akasimama. "Utamrudisha lini?"

"Mtama ukivunwa."

"Sawa. Mtama ukivunwa, mbuzi awe amefungwa pale pale. Asipokuwepo, yule karani wa Bugarama namwambia alete pombe ya uchumba, na wewe hufungui mdomo."

"Na akiwepo?"

"Akiwepo tutazungumza."

"Hapana, shangazi. Tutazungumza si bei. Akiwepo, karani anakunywa pombe yake mwenyewe."

Alinitazama kama mtu aliyekanyagwa na ndama wake. "Hivi wewe umefanana na nani?" Nikamjibu nimefanana na yeye, na kwa kuwa ilikuwa kweli, tukakubaliana.

Karani huyo, niseme kwa haki, hakuwa mtu mbaya. Alipima kahawa za wakulima, alikuwa na baiskeli yenye taa, na alikuwa na ile redio. Alikuja kila mwisho wa juma, akaiweka juu ya kigoda kana kwamba nayo ni mgeni, na shangazi akaikaribisha kabla ya kumkaribisha mwenyewe. Lakini alikuwa na sentensi moja aliyoirudia kila safari akiwa anafuta vumbi kwenye viatu. "Ukishakuwa kwangu, Skola, utaachana na hii michezo ya vikapu. Mke wa karani hatembezi." Alisema kwa upole, kama mtu anayekupa zawadi. Mimi nilikuwa bado sijaanza kutembeza, na tayari nilikuwa nimeachishwa.

Nikamwuza mbuzi gulioni, nikaanza na vikapu vinne. Daforoza alivipa kila kimoja michirizi yake, ili nivitambue kwa mbali bila kuuliza mtu: cha zigizaga nyeusi, cha mishale, cha meno ya mamba, cha pete mbili. Ilipofika mwezi wa tisa tulikuwa na vikapu ishirini na vitatu. Daforoza alisema ishirini na viwili, nikahesabu tena, vilikuwa ishirini na vitatu. Kimoja alikuwa amekikalia. Nilikuwa natembea mpaka Ngara mjini kwa walimu na wauguzi, ambao walipenda kikapu cha kienyeji lakini hawakutaka kujulikana kwamba hawajui kukijaza. Nilikwenda mpaka Nyakisasa kwa lori bovu la pamba la mtu aliyenitoza nauli kamili na kunikalisha juu ya magunia. Viatu vya raba viliisha huko. Bidhaa za dukani ndizo zilikuwa kazi. Duka la kijiji lilikuwa na rafu ndefu, na juu ya rafu hizo kulikuwa na majembe na kalenda. Sukari ikija, ilifika kwa minong'ono kabla ya gari. Nilijifunza kukata mche wa sabuni kwa uzi ili vipande vionekane vikubwa bila kuwa vikubwa, na kufunga sukari kwenye karatasi ya daftari kwa umbo la pembe, kwa kuwa pembe inajaa upesi.

Mwenyekiti wa kijiji alinifuata siku moja, kofia mkononi na swali kwenye kipaji. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya mkutano hata akiwa peke yake.

"Ndugu Skolastika, nasikia unafanya biashara binafsi."

"Shikamoo mwenyekiti."

"Marahaba. Nasikia unafanya biashara binafsi. Tunapambana na walanguzi hapa."

"Mwenyekiti, mimi nashughulika na zawadi. Umeshaona mlanguzi wa zawadi?"

Alifikiri. Niliona jambo hilo halikuwa kwenye maelekezo aliyopewa. Akazunguka pale vikapu vilipopangwa, akafunua mfuniko mmoja, akanusa sabuni, akafunika. "Na huyu... mtu akitaka kwenda ukweni, kwa mfano. Mama mkwe ni mgumu kidogo. Kile cha mishale kinakwenda kwa shilingi ngapi?" Nikampa kwa bei ya ukweni, ambayo ni ya juu kuliko bei ya kawaida, na tangu siku hiyo nikawa mjamaa kamili.

Kisha vita. Tulisikia kwenye redio ya karani, sote tumebanana barazani kwa shangazi, hata watu ambao hawakuwahi kumsalimia. Uganda wamevuka, wako Kagera. Kutoka kwetu hadi huko kuna mwendo, lakini kila mtu alitazama mlango. Baada ya hapo malori ya jeshi, baada ya hapo mgambo wakaitwa, na baada ya hapo michango: ng'ombe, mahindi, maharage, kila kaya. Nami, Mungu anisamehe, niliona wateja. Kila kijana aliyeitwa, ndugu na majirani walikwenda kumpa moyo mama yake, na hawakwenda mikono mitupu. Kwa wiki tatu vikapu vyangu vilitoka kama nyuki. Vyote ishirini na vitatu. Nikakaa kungoja virudi.

Havikurudi. Mwanzoni nilihesabu rafu tupu kwa subira, halafu nikahesabu kwa hasira. Mteja nikimfuata, ananiambia kiko kwa yule niliyempelekea. Nikienda kwa yule, namkuta hayupo, na moshi unatoka jikoni kwake. Mama mmoja, Mama Anastazia, ambaye mwanawe Bonifasi alikuwa mgambo, niliketi kwake mchana mzima tukizungumza mvua, na nyuma yake, chini ya kitanda, niliona kabisa ncha ya mfuniko wa pete mbili imefunikwa kwa kanga. Alijua nimeona. Nilijua anajua. Tukaendelea na mvua. Bila vikapu sikuwa na biashara, na mtama ulikuwa umeanza kuinamisha vichwa. Shangazi alikuwa anapita karibu na ile nguzo ya jiko, anaigusa kwa kiganja, anaendelea na safari yake.

"Wezi," nilimwambia Daforoza. Tulikuwa kwake, chumba kimoja chenye mkeka na mafungu ya nyasi alizozipaka rangi kwa tope la bondeni, tunakula viazi vya kuchemsha na chumvi. "Kijiji kizima cha wezi. Nitakwenda kwa mwenyekiti."

"Oya," yaani hapana kwa Kirundi chake. Hakuinua macho kwenye kazi yake. "Hawaibi. Wanaona haya."

"Haya ya nini?"

"Tulipovuka, mwanamke wa hapa alimletea mama kikapu cha mtama. Kilikaa kwetu mwaka mzima. Si kwamba tulikipenda." Akavuta uzi, akaukaza kwa meno. "Ungekirudisha na nini? Tulikuwa na watoto watano na sufuria. Kila yule mama akipita njiani, mama yangu alikuwa anaingia ndani. Mtu amekutendea wema, na wewe unamkimbia kama unadaiwa kodi. Maharage yote yamekwenda kwenye mchango, Skola. Watakurudishia vitupu? Mwanamke mwenye mtoto vitani, afungue mlango akukabidhi kikapu kitupu?"

Nilibaki na kiazi mkononi. Nilikuwa nimehesabu kila kitu kwenye biashara ile, unga, sabuni, nauli, hata uzi, na sikuwa nimehesabu jambo lenyewe lililoifanya iwepo. Nilikuwa na debe moja la maharage, la mwisho, nililolificha chini ya kitanda ili liwe mwanzo wa mbuzi. Nikamwuliza Daforoza, mtu akikirudisha kikapu, kuna anayeuliza maharage yale yametoka wapi? Akaacha kushona kwa mara ya kwanza tangu nimemfahamu.

Kesho yake nikaanza na Mama Anastazia, kwa sababu cha pete mbili nilikijua kilipo. Nilipita nyuma, mlango wa jikoni, na maharage kwenye upande wa kanga. "Shikamoo mama. Nimekuja kukukopesha viganja viwili vya maharage. Utanilipa siku Mungu akipenda." Alinitazama, akayatazama, akaelewa upesi kuliko nilivyotegemea. Akatandaza upindo wa nguo yake, nikamimina. Nikatoka, nikazunguka nyumba polepole ili kumpa nafasi, nikapiga hodi mlango wa mbele.

"Nani huyo?"

"Ni mimi, Skola."

"Aa, Skola! Karibu mwanangu! Umepotea sana, hata nilikuwa nataka kumtuma mtu akuletee kikapu chako." Akatoka nacho amekishika kwa mikono miwili, kichwa juu, kanga mpya begani. Majirani wawili waliokuwa wanaanika muhogo walisimama wakatazama. "Samahani, ni kidogo tu."

"Mama jamani, usingejisumbua."

"Kidogo tu, kidogo tu."

Nilipofika njiani nikafunua mfuniko. Maharage yangu yote yalikuwemo. Juu yake, mayai mawili.

Nilipita nyumba zote namna hiyo, nyuma kama mkopeshaji, mbele kama mgeni, na yale maharage yalitembea Nyamiaga kuliko katekista. Yalikopwa, yakarudi, yakakopwa mlango wa pili. Na hakuna mwanamke hata mmoja aliyeweza kuyaacha peke yake. Aliyekuwa amejificha wiki nzima kwa sababu hana kitu, akishapata kitu cha kuweka chini, alikumbuka kwamba ana kichane cha ndizi, au msokoto wa tumbaku, au boga lililokuwa nyuma ya ghala. Aibu ndiyo iliyokuwa imewakalia macho, umaskini ulikuwa mdogo kuliko hiyo. Bibi mmoja kizee ndiye alinikatalia. "Maharage yako mwenyewe nikupe wewe? Mimi si kinyonga." Akaniweka nikae, akaenda bondeni na fimbo yake, akarudi na kikapu kimejaa mboga za majani zenye umande. Vikapu vilirudi ishirini na viwili. Nilihesabu mara mbili, mara ya tatu nikamwinua Daforoza kuona kama amekalia kimoja. Kimoja kilikuwa kimesafiri na kijana mmoja vitani. Mama yake alimfungia chakula humo, na hilo sikulidai.

Kuanzia hapo kazi ilikwenda yenyewe. Vita vikageuka, redio ikaanza kutaja miji ya upande wa pili, na wale vijana wakaanza kurudi, wamekonda na wana maneno mapya. Kila aliyerudi alifanyiwa karamu, na hakuna aliyekwenda kwenye karamu hiyo mikono mitupu. Bonifasi wa Mama Anastazia alipokewa na vikapu saba, vyote vyangu, na mama yake aliagiza nisije nyuma tena. Mtama ukavunwa. Jumamosi nikaenda gulioni, nikamtafuta mtu mwenye mbuzi aliyechoka kusimama juani, nikamwambia mbuzi wake anachechemea. Akasema hachechemei. Tukakaa kubishana juu ya mguu huo mpaka akapunguza bei ili nimwondolee maneno.

Kesho yake nikamfunga kwenye nguzo ya jiko kabla shangazi hajatoka kanisani. Alipofika aliweka tasbihi yake dirishani, akamzunguka yule mnyama mara mbili, akamfungua mdomo, akatazama meno.

"Huyu ni mdogo kuliko wangu."

"Wako alikuwa mzee, shangazi. Nimekurudishia na miaka."

"Wangu angekuwa ameshazaa. Unaniletea mama bila watoto."

"Angezaa, tungewachangia vitani. Hapa hata huna cha kuchangia."

Alijaribu tena, upande wa kwato, upande wa rangi, nami nikamjibu, mpaka tukafika kwenye debe la mtama kwa ajili ya watoto ambao hawakuzaliwa. Nikakubali nusu debe. Akashika mkono wangu kuthibitisha, halafu hakuuachia. Akakaa kwenye kigoda, mzito, akavua kitambaa cha kichwa, na kwa mara ya kwanza nikaona shangazi yangu hajui aanzie wapi.

"Skola. Vile vikapu vilipokuwa havirudi."

"Ndiyo, shangazi."

"Nilijua umekwisha. Mtu mzima haoni mbali, anaona alichozoea." Akatazama njia ya Bugarama, iliyokuwa na vumbi na bado haina mtu. "Nilimpa neno yule karani. Leo jioni anakuja na wazee wake wanne, na mitungi miwili ya pombe ya ndizi, na redio anaiacha hapa hapa. Ni mtu wa watu, hajanikosea kitu." Akanivuta mkono nikainama, akashusha sauti ingawa tulikuwa sisi na mbuzi tu. "Wewe unajua kusema na watu. Hebu nishauri, mwanangu: nimwambie nini?"